Siku Moja Chini ya Hilux Iliyonyanyuliwa

Watu wakisikia nafanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu ya gari yakae sawa, wanadhani kazi yangu ni kubonyeza kompyuta na kukabidhi karatasi. "Si mashine ndiyo inafanya, fundi? Elfu arobaini ya nini?" Haya, shinda na mimi leo.

Saa 1 asubuhi nipo gereji, Unga Limited, Arusha. Chai na chapati mbili, kisha dogo anafagia piti na mimi nafuta kamera za mashine. Vumbi la huku likikaa kwenye kioo, vipimo vyote vinakuwa uongo.

Saa 2 mpaka saa 4: Noah mbili, IST moja, na Land Cruiser ya watalii inayosubiriwa Karatu. Zote toini tu, yaani kurekebisha matairi ya mbele yanavyoelekeana. Ile Land Cruiser ina eksoli nzima mbele, chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, haina mengi ya kugusa. Unalegeza rodi ya usukani, unazungusha, unakaza, kwaheri.

Saa 4 na nusu ikaingia Hilux nyeupe, imenyanyuliwa mbele kwa spesa juu ya shokapu, matairi mapana ya matope. Akashuka kijana mmoja, miwani ya jua, simu mbili.

"Fundi, inavuta kushoto. Halafu haya matairi wameniuzia feki, ona yalivyoisha."

Nikapitisha kiganja. Bega la nje limelika, la ndani karibu jipya. Tairi feki haichagui upande wa kuisha.

"Ulipoinyanyua, alaimenti ulifanyia wapi, bosi?"

"Ilikuwa inaenda freshi tu."

Maana yake hakufanya.

Mashine haiwashwi kwanza. Unapima upepo, unapiga jeki, unatikisa kila gurudumu kusikiliza boljointi na tairodi, yale maungio ya gurudumu na ya usukani, unachungulia bushi, zile mpira za kwenye mikono ya gari. Ukipima gari yenye jointi iliyochoka, unapima kitu ambacho kesho kitakuwa kimehama. Yake ilikuwa nzima. Nikaipandisha, nikazungusha usukani kushoto na kulia ili mashine isome kasta.

Kemba, yaani tairi inavyoegemea ndani au nje: ya kushoto imeegemea nje digrii 1.2, ya kulia 0.8. Kasta: kushoto 0.9, kulia 1.6.

Kasta ni ule mlalo wa kurudi nyuma wa mhimili ambao gurudumu linageukia, kama uma wa baiskeli, na ndiyo inayorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Ukiinua Hilux ya namna hii bila kugusa kingine, kasta inapungua na matairi yanaegemea nje. Gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, na pia kuelekea upande ulioegemea nje zaidi. Kwake vyote viwili vilikuwa kushoto. Ongeza na barabara zetu: tunaendesha kushoto, na lami inateremkia kushoto ili maji yatoke. Ilikuwa lazima ivute.

Dawa iko kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu; kila upande una bolti mbili za kamu, ya mbele na ya nyuma, ukizizungusha zinausogeza mkono. Kuondoa ule mwegemeo wa nje, zote mbili zinasukumwa nje. Kuongeza kasta, ya mbele inataka kurudi ndani. Kwa hiyo bolti ya mbele inaombwa mambo mawili yanayogombana, na mashine haikuamulii. Inaonyesha namba tu.

Bolti tatu zikatii. Ya nyuma kushoto ikagoma.

Ilikuwa imeganda kwa kutu ndani ya bomba la chuma la bushi. Ukiizungusha inakwenda kidogo, mpira unajipinda, ukiachia spana inarudi ilipokuwa. Tukapuliza mafuta ya kutu. Tukasubiri. Tukagonga. Tukapasha moto. Saa 6 ikapita, saa 7, na yule kijana amesimama juu ya piti akiuliza kila baada ya dakika chache, "Bado tu?" Nikamwambia hii inakatwa, na itahitaji bolti mpya, kamu zake na bushi.

"Fundi, mimi nimekuja alaimenti, sijaja kununua gari upya!"

Akampigia rafiki yake, akaweka spika. Rafiki akasema napiga cha juu. Sikubishana. Nikampa tochi, nikamwambia ashuke mwenyewe aishike spana. Alishuka na shati lake jeupe, akavuta, akaona bolti inavyorudi. Akapanda kimya, akatuma hela ya spea.

Nikakata upande mmoja kwa grainda, cheche zinaingia shingoni, ndipo umeme ukakatika. Upande wa pili ukawa wa msumeno wa mkono, mimi na dogo tukipokezana, tumelala chali, mikono juu, hakuna nafasi ya kuvuta msumeno hata shubiri. Bolti ile ni chuma kigumu hasa. Sijui ilikuwa saa ngapi ilipoachia. Chakula cha mchana kilipoa, nikala viazi tu.

Mkono ukashuka, bushi ikatoka kwa presi ya kupampu, mpya ikaingia. Bolti hazikazwi gari ikiwa inaning'inia, maana mpira utakaa umejipinda na kuchanika mapema. Inashushwa kwanza, ibebe uzito wake.

Umeme uliporudi jua lilishahama upande wa pili wa gereji. Kemba nikaileta 0.3 na 0.2. Kasta kushoto 2.2, kulia 1.9, ile tofauti ndogo nimeiacha makusudi, ipambane na mteremko wa lami. Kasta zaidi ya hapo inataka mikono ya juu ya kununua, nikamweleza. Toini ikawa ya mwisho, kwa sababu ukigusa kemba, nayo inahama.

Tukaijaribu kuelekea Kisongo. Nikaachia usukani kidogo kwenye mnyoofu, ikaenda yenyewe. Kwenye kona usukani ukarudi. Kijana akacheka peke yake.

Tulipofika gereji akalipa, akaomba nipunguze elfu tano, nikakataa. Kisha akasema, "Sasa fundi, tukiongeza inchi mbili nyingine?"

Nikampeleka mbele, nikamwonyesha drai shafti, zile zinazozungusha magurudumu, zilivyokwisha kukunjwa kwenye jointi. Akaangalia, akatikisa kichwa, akasema basi ataleta ya rafiki yake Jumatatu. Yuleyule wa kwenye spika.

Nikamwambia ailete saa 2 kamili, na bolti aje nazo.