Kumbe zamu ya dobi imefika

Maneno hayo aliyasema yule mama wa dobi, anayefua mashuka hospitalini kwetu, Jumatatu, huku akikirudisha cheti chake cha mfanyakazi hodari taratibu kwenye bahasha ya kaki, na mpaka leo Jumapili hayajanitoka. Wiki yenyewe ilikuwa nzito: mganga mfawidhi mpya ameripoti, jenereta limeungua usiku wa Jumatano, posa ya mdogo wangu imepokelewa. Yote yamepita, mimi bado niko pale mlangoni kwa dobi.

Nilikwenda kuchukua saini yake ya kupokea zawadi ya Mei Mosi.

"Shikamoo mama. Hongera sana."

"Marahaba mwanangu, ahsante. Hebu nisomee, macho yangu haya. Pameandikwa nimefanya nini?"

Nikamsomea: kwa kutambua utumishi wako uliotukuka.

"Hayo ni ya kila mtu. Mimi nimefanya nini?"

Nikanyamaza. Akatabasamu. "Aa, nimeelewa. Mwaka juzi walinzi, mwaka jana jikoni. Kumbe zamu ya dobi imefika."

Hakusema kwa kinyongo. Ingekuwa kinyongo ningejua pa kukishika. Alisema kama mtu aliyeambiwa saa, akashukuru, akarudi kwenye mashuka yake.

Na ni kweli, ilikuwa zamu. Mnaofanya kazi za utumishi mnajua tunavyofika hapo. Mkuu wa idara akichagua peke yake, watu wanasema upendeleo. Mkipiga kura, kitengo chenye wauguzi sitini kinakimeza kitengo chenye watu watano, na mwenye maneno mengi anamshinda mwenye kazi nyingi. Basi ili lawama ziishe tunazungusha: mwaka huu hawa, mwaka ujao wale. Lawama zinaisha kweli, na maana inaondoka nazo. Mtu akishajua kwamba mfanyakazi hodari hupatikana kwa kalenda, hana sababu ya kuongeza bidii mwaka ambao si wake, na hata mwaka ukiwa wake hawezi kujivunia.

Kinachofanya kazi kina usumbufu zaidi, lakini si mgumu. Vigezo vitangazwe Januari, visibandikwe Aprili wakati majina yameshapikwa. Kila pendekezo liwe na tukio moja lenye tarehe, na shahidi kutoka nje ya kitengo cha anayependekezwa. Fomu isiyo na tukio irudishwe, hata kama imesainiwa na mkubwa. Kamati iwe ndogo, watu watatu au watano, mmoja wao awe aliyeshinda mwaka uliopita, mwingine atoke zamu ya usiku. Wa usiku ndio tunaowasahau kuliko wote, kwa sababu wanaoandika ripoti wamelala wakati wao wanafanya kazi. Na wafanya usafi wa mkandarasi, ambao hawamo kwenye orodha yetu ya mishahara, watafutiwe njia yao: barua kwa mwajiri wao, nakala kwao wenyewe.

Kuna mambo mawili niliyowahi kuyasoma ambayo wiki hii yamenirudia. La kwanza ni la Lusaka, Zambia. Watafiti waliwapa wasusi na vinyozi kazi ya kuuza kondomu za kike saluni. Wengine walipewa faida ya fedha, wengine walifanya kwa kujitolea, wengine walibandikiwa ukutani chati ambayo kila mauzo yaliongeza nyota. Wenye nyota waliuza takriban mara mbili ya wenzao, hata wale waliokuwa wanapata pesa. Matokeo yalichapishwa 2014. Nyota ni karatasi tu. Lakini kila nyota ilikuwa ya kitendo kimoja kinachojulikana, na mteja akiingia anaiona.

La pili ni la dobi, na hilo ndilo linalonichoma. Huko Marekani, kiwanda kimoja cha kufua nguo kilianzisha zawadi kwa wasiochelewa kazini: asiyechelewa mwezi mzima anaingia kwenye bahati nasibu ya kadi ya zawadi. Waliokuwa wakichelewa walijirekebisha, ila mradi bado wana nafasi ya kuingia. Wakishaikosa walirudia yale yale. Na wale waliokuwa wanawahi siku zote bila kuahidiwa chochote, kazi yao ilishuka. Unamlipa mtu kwa alichokuwa anakitoa kwa heshima yake, halafu unashangaa heshima imepungua. Utafiti huo ulichapishwa 2016 na nadhani kila mwenye daftari la mahudhurio angeusoma kabla ya kutangaza zawadi ya kuwahi.

Fedha nayo ina adabu zake. Tunapenda kusoma kiasi cha bahasha kwenye kipaza sauti, watu wapige makofi. Jioni aliyepewa anaombwa chai na kitengo kizima, na kabla ya wiki kwisha ndugu wanne wamepiga simu. Sababu ndiyo isomwe hadharani. Pesa ipite kwenye mshahara, ikatwe PAYE, yaani kodi ya mshahara, kama sheria inavyotaka, na mhusika aambiwe mapema atabakiwa na shilingi ngapi, maana akitangaziwa laki tatu akaona pungufu atadhani ameibiwa. Jina kwenye cheti lisahihishwe na mwenyewe kabla ya kuchapwa. Na wapo wasiotaka kabisa kusimamishwa mbele ya watu. Kuwauliza ni dakika moja.

Halafu, anayedai malimbikizo asipewe hongera badala ya malimbikizo. Dobi wakiwa hawana glavu nene na gambuti, zianze hizo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haikuziita zawadi.

Nirudi mlangoni. Nilipokuwa nimenyamaza, macho yangu yalikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa dirishani. Ndani mlikuwa na makasi na vibanio vya upasuaji. Sikuuliza. Alhamisi nikamuuliza muuguzi wa chumba cha upasuaji, akashangaa kwamba sijui. Vifaa husahaulika ndani ya mashuka yenye damu. Vikiingia kwenye mashine vinachana ngoma, na kabla ya hapo vinachoma mkono wa anayefua. Yule mama hafungui fungu kwa kulivuta. Analikunjua pindo kwa pindo juu ya meza, anachokikuta anakitia koponi, na kila Ijumaa anakirudisha chumba cha upasuaji. Mashuka ya kijani akishayakausha anayainua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Lenye tundu halirudi kwa mgonjwa, hata tundu la ncha ya kalamu.

Miaka mingapi? Muuguzi hakumbuki. Alimkuta anafanya hivyo.

Basi nimeandika upya, safari hii barua ya kumshukuru. Ukurasa mmoja, mistari tisa. Haina "uliotukuka". Inasema alifanya nini (kukunjua, kukagua, kurudisha), wapi na lini, na kilichotokana nacho: vifaa vimerudi, hakuna aliyechomwa, shuka lililotoboka halijafika kwenye meza ya upasuaji. Chini amesaini muuguzi aliyeshuhudia. Nakala moja yake, moja kwenye jalada lake. Hiyo ndiyo barua ya kuandikwa ndani ya siku saba tangu kitendo kitendeke. Hii imechelewa sana, lakini ilibidi ianze.

Ijumaa nikamsomea. Alisimama wima, mikono bado ina povu, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rudia hapo pa makasi." Nikarudia: wiki hii ulirudisha makasi mawili na vibanio vitano.

"Matatu," akasema. "Makasi ni matatu. Moja lilikuwa dogo, la kukatia nyuzi. Rekebisha, halafu iingie kwenye jalada."

Nimerekebisha. Nilirudi ofisini mwepesi kama mtu aliyetua ndoo kichwani, na jioni hata baba watoto ameniuliza kuna nini.

Ila leo mchana nimempigia mama. Vidonge vyake vya presha nilimpelekea thelathini tarehe 2 Aprili, kimoja kila siku. Nimemuuliza kama vimekwisha nimtumie vingine kwa basi. Akasema nisihangaike, bado anavyo kumi na vinne.