Kwa Mtumbwi Mwepesi Katika Njia ya Seven Carries

Kaskazini mwa jimbo la New York, Marekani, ndani ya hifadhi kubwa ya Adirondack iliyoanzishwa mwaka 1892, kuna eneo lililotengwa kisheria kwa ajili ya mitumbwi, nalo ni St. Regis Canoe Area. Injini haziruhusiwi humo, wala magari, wala ndege za kutua majini. Maziwa na vidimbwi 58 vimetawanyika msituni, na kati ya ziwa na ziwa zimepita njia za miguu ambamo msafiri hubeba chombo chake na kila alicho nacho mpaka akutane na maji tena. Mapito hayo ya nchi kavu ndiyo huamua kama safari itapendeza au itachosha, na kwa sababu hiyo mimi na mwenzangu tulipopanga kufuata njia ya zamani iitwayo Seven Carries, yenye mapito saba, tulikaa na mizani kabla ya kukaa na ramani.

Maji huwapotosha wengi wakati wa kufungasha. Mtumbwi ukiwa majini hubeba mzigo mzito bila mpigaji kafi kuhisi tofauti kubwa, hivyo mtu hushawishika kuongeza kiti cha kukunja, sufuria ya tatu na blanketi la akiba, akiamini kwamba chombo ndicho kitakachobeba. Kisha anafika kwenye pito. Akiwa na mzigo unaobebeka kwa mkupuo mmoja, pito la kilometa moja ni kilometa moja. Akilazimika kurudi kuchukua mzigo wa pili, atakuwa ametembea kilometa tatu, na akirudi tena kwa mzigo wa tatu zitakuwa tano. Kwangu mimi hesabu hiyo ndiyo msingi wa vifaa vyepesi, na ndiyo iliyonifanya nijiwekee sharti kwamba chombo, chakula na malazi vyote vipite mara moja tu.

Mtumbwi nilioutumia ni wa mtu mmoja, wa kevla, yaani nyuzi za viwandani zilizo nyepesi na imara, na nyuzi za kaboni, na uzito wake ni kama kilo 9. Mpigaji hukaa chini kabisa, karibu na sakafu, na hutumia kafi lenye bapa mbili kama la kayaki, ambalo hukatika katikati na kuwa vipande viwili vinavyofungwa ndani ya chombo wakati wa kubeba. Begi langu la mgongoni lilikuwa na kilo 12, chakula kikiwamo. Hema lilikaribia kilo moja. Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata ulikuwa chini ya kilo moja, na nilikuwa pia na godoro la kujaza upepo, jiko dogo la gesi linalokaa kiganjani, sufuria moja, kichujio cha maji na seti moja ya nguo za sufu ambazo hazikuruhusiwa kuguswa mpaka tuwe kambini. Mwenzangu alichagua kayaki ya plastiki aliyoizoea, yenye uzito wa kilo 24. Sikumpinga, kwa kuwa kayaki ina sifa zake, na siku ya upepo angenikumbusha hilo.

Mtumbwi wa kubebwa na mtu mmoja ulitengenezwa katika milima hiyohiyo zamani kabla ya kevla kuwapo. Mwandishi George Washington Sears, mtu mwenye umbo dogo na afya dhaifu, alimwomba fundi J. Henry Rushton wa mji wa Canton amuundie mitumbwi ambayo mtu kama yeye angeweza kuibeba bila msaidizi, wakati ambapo matajiri waliokuja Adirondack walikodi waongozaji wa kuwapigia makasia na kuwabebea mizigo. Mtumbwi maarufu kuliko yote, Sairy Gamp, uliundwa kwa mbao nyembamba za mwerezi, urefu wake mita 2.7 na uzito wake chini kidogo ya kilo 5. Mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 61, Sears alisafiri nao kilometa zipatazo 428 katika maziwa ya Adirondack. Kila nilipoinua mtumbwi wangu begani nilimkumbuka mzee huyo kwa heshima ya kweli, maana miaka zaidi ya mia moja na arobaini baadaye, pamoja na viwanda vyote tulivyo navyo, chombo changu kina uzito karibu mara mbili ya chake.

Tuliondoka mwanzoni mwa Septemba, msimu wa usubi wa Mei na Juni ukiwa umekwisha, kutoka Lower St. Regis Lake, mahali ambapo Apollos Smith, aliyejulikana kama Paul, alifungua hoteli yake mwaka 1859 na ambapo leo kuna chuo cha Paul Smith's. Sehemu ya kwanza haina pito lolote: unapita Spitfire Lake, kisha Upper St. Regis Lake, ukiangalia nyumba kubwa za mbao na mabanda ya mashua ya familia zenye ardhi kando ya maziwa hayo. Hapo bado ni nje ya eneo lililotengwa, si mahali pa kupiga kambi, na boti za injini zipo, kwa hiyo tulipiga makafi kwa kasi ili tulifikie pito la kwanza mapema.

Pito hilo, la kuingia Bog Pond, ni fupi sana, na palepale tofauti ya vyombo vyetu ikajidhihirisha. Nilisogeza mtumbwi ubavu kwa ukingo, nikashuka kwenye maji ya vifundoni, nikalinyanyua begi na kulivaa, nikaingiza vipande vya kafi chini ya kamba za ndani, kisha nikaukamata mtumbwi kwa ukingo wake wa juu na kuupandisha begani. Mwenzangu alikuwa bado amepiga magoti. Kayaki hufunikwa juu, na mizigo yake huingia kupitia matundu mawili, moja omo, yaani mbele, na jingine tezi, yaani nyuma, ambayo hayapitishi begi kubwa. Kila kitu kilikuwa kwenye mfuko wake mdogo usiopitisha maji: wa hema, wa nguo, wa chakula, wa jiko, na mingine mingi, na yote ilipaswa kuvutwa kwa mkono mmoja mmoja, kuwekwa kwenye majani yenye umande, kisha kukusanywa. Alikuwa na busara ya kuja na gunia jepesi la wavu lenye mikanda ya mabegani, akaitia mifuko yote humo. Hata hivyo ilimbidi kwenda mara mbili, kwanza na gunia, kisha na kayaki. Kutoka Bog Pond hadi Bear Pond, kisha Little Long Pond, kisha Green Pond, utaratibu ulikuwa uleule, nami niliutumia muda wa kumngoja kukaa ukingoni nikitazama chini ya maji, ambayo katika baadhi ya vidimbwi hivyo ni angavu kiasi cha kuhesabika mawe ya chini.

St. Regis Pond ndilo ziwa kubwa kuliko yote ndani ya eneo hilo, na tulipotokeza hapo alasiri upepo ulikuwa umekwisha kulichafua. Ni lazima niseme wazi kwamba wepesi una gharama yake majini. Chombo cha kilo 9 hakina uzito wa kushindana na upepo. Omo ikiwa juu, upepo huisukuma upande, na mpigaji hutumia nusu ya nguvu zake kurekebisha uelekeo. Nililisogeza begi mbele, nikalibana kwa kamba mahali miguu inapokomea, ili omo izame kidogo na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ushike maji, nikafuata ukingo badala ya kukata katikati. Mwenzangu alipita karibu yangu mawimbi yakimpanda juu ya kifuniko na kumwagika pembeni, kayaki yake ikienda moja kwa moja. Kwa ziwa pana au pwani ya bahari ningechagua chombo chake bila kusita. Kwa nchi ya vidimbwi na mapito, hapana.

Sheria za kambi ni rahisi na zina maana. Unalala mahali palipowekwa alama ya duara ya njano, au kama hapana, unakwenda angalau mita 46 kutoka majini, njiani au barabarani. Tulipata mahali pa alama upande uliokingwa na upepo. Giza lilipoingia, luni wawili walianza kuitana kutoka pande mbili za ziwa, sauti ndefu inayopanda na kuvunjika. Ni ndege wakubwa wa majini, wenye madoa meusi na meupe na jicho jekundu. Tulikula chakula kikavu kilicholainishwa kwa maji moto, tukakifungia kilichobaki kwenye kopo gumu la kuzuia dubu na kuliweka mbali na hema. Kopo hilo lina uzito wa zaidi ya kilo moja, nami hulibeba kwa moyo mweupe, kwa sababu dubu weusi wapo katika misitu hiyo, na dubu aliyezoea chakula cha wasafiri mara nyingi huishia kuuawa.

Kesho yake tuliiacha kwanza njia ya Seven Carries na kuelekea magharibi, kupitia Ochre Pond, mpaka Fish Pond, ambako kuna vibanda viwili vya mbao vilivyo wazi upande mmoja. Mapito ya huko ni marefu kuliko yote tuliyokutana nayo, lile la mwisho likizidi kilometa moja, lenye miinuko, mizizi na matope. Ni hapo mtu anapogundua kwamba uzito pekee hautoshi kueleza ugumu wa mzigo. Mtumbwi mwepesi usiokaa sawasawa begani huchosha kuliko mzito uliosawazishwa. Nilitafuta kwa vidole ile sehemu ya katikati ambapo omo na tezi hazivutani, nikaweka jaketi okozi begani kama mto, nikatembea hatua fupi nikibadilisha bega kila nilipofika kwenye mti mkubwa ulioanguka. Viatu vyangu vilikuwa vyepesi, vya kupitisha maji, vinavyoloa na kukauka vikiwa mguuni. Buti nzito za ngozi zingejaa maji kwenye tope la kwanza na kubaki hivyo mpaka mwisho wa safari.

Usiku ule Fish Pond mvua ilinyesha mpaka alfajiri, tukazungumza kirefu juu ya kile ambacho hakipaswi kupunguzwa. Manyoya ya bata yakiloa hupoteza joto lake karibu lote, kwa hiyo mfuko wangu wa kulalia hukaa ndani ya mifuko miwili isiyopitisha maji, mmoja ndani ya mwingine, nami siuhesabu ule wa pili kuwa ni uzito wa ziada. Nguo za pamba sizichukui kabisa, kwani hushika maji na kumpora mtu joto. Jaketi okozi huvaliwa tangu ukingoni. Sheria ya New York inalazimisha kulivaa katika vyombo vya chini ya futi 21 kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 1 Mei, wakati maji ya baridi yanaweza kumnyima mtu pumzi na nguvu za mikono ndani ya dakika chache, lakini mimi sioni sababu ya kulivua hata Julai. Kafi la akiba, filimbi, ramani na dira, taa ya kichwani, utepe wa gundi wa kuziba nyufa na kisanduku cha dawa vyote vilikuwa nasi. Ningependa kuona watu wanaojivunia mizigo ya kilo tano wakieleza kwanza waliacha nini.

Tulirudi St. Regis Pond na kuikamata tena njia yetu. Pito la kutoka hapo hadi Little Clear Pond lina urefu wa kama kilometa moja, kwa njia pana na nzuri. Mwenzangu alitua gunia lake, akanitazama, akasema, "Kaka, hebu nipe huo mtumbwi wako niupime kwa bega langu, nawe onja wangu." Tukabadilishana. Nilibeba kayaki kwa kuingiza bega kwenye tundu la kukalia, na kabla ya robo ya njia shingo ilikuwa imekaza na mkono umekufa ganzi. Nilipumzika mara kwa mara, huku yeye akipotea mbele kati ya miti, begi langu mgongoni na mtumbwi begani, bila kusimama. Alipofika mwisho alirudi kunisaidia kushika tezi, na neno la kwanza alilosema lilikuwa swali: mtumbwi kama ule hudumu miaka mingapi ukigongwa na mawe? Nilimwambia ukweli, kwamba kevla hukwaruzika upesi na haipendi kuburutwa, kwamba mtu hushuka majini kabla chombo hakijagusa mwamba, na kwamba anayetaka kuteleza kwenye mito yenye mawe abaki na plastiki yake.

Little Clear Pond huhifadhi samaki wazazi wa samoni wanaotoa mayai kwa kituo cha serikali cha kuzalisha samaki kilicho karibu, kwa hiyo uvuvi na kambi vimekatazwa. Tulilivuka bila kusimama, kila mmoja katika chombo chake, tukatoka kwa pito la mwisho kuelekea barabarani, na hapo tukatandaza mahema na mifuko juani. Nilipanga vifaa vyangu mafungu mawili: vile nilivyovitumia na vile ambavyo havikuguswa. Katika fungu la pili nilitoa kikombe cha ziada na shati moja, ambavyo havitarudi begini. Kafi la akiba, kisanduku cha dawa na utepe wa gundi navyo havikuguswa, nikavirudisha mahali pake. Mwenzangu alikuwa amekwisha kufungua ramani upande wa Old Forge, ambako huanza njia ya mitumbwi ya Northern Forest Canoe Trail, yenye kilometa zipatazo 1,190 hadi Fort Kent, katika jimbo la Maine, na alikuwa akipima kwa kidole urefu wa mapito yake.