Pandeni Milimani, Mkalete Miti

Somo: Hagai 1:1–15

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe kwenu. Juma hili naomba tusome polepole sura ya kwanza ya kitabu cha nabii Hagai, kitabu kifupi chenye sura 2 tu, ambacho kinagusa jambo linalowasumbua wengi wetu kimyakimya: yale mambo mema tuliyokusudia mbele za Mungu, tukayaombea, kisha tukayaacha yakakaa mwaka baada ya mwaka.

Tukumbuke hali ya watu wale. Walirudi Yerusalemu kutoka uhamishoni Babeli kwa ruhusa ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, wakajenga madhabahu, wakaweka msingi wa hekalu kwa nyimbo na machozi. Ndipo adui zao wakawatisha na kuwaajiri washauri wa kulipinga kusudi lao, na kazi ikasimama. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, wala sioni wa kuwalaumu kwa kusimama siku ile. Lakini kufikia mwaka wa 2 wa mfalme Dario, yaani mwaka 520 kabla ya Kristo, ilikuwa imepita takriban miaka 16, msingi ungali msingi, ilhali wao wenyewe walikuwa wamepata nguvu na mali ya kuzipamba nyumba zao. Hawakusema kwamba hawataki kujenga. Walisema kwamba wakati haujafika.

Jibu hilo linanigusa kwa sababu ni jibu la watu wa imani. Asiyemcha Mungu akiahirisha jambo husema amechoka au hana hamu, bali sisi tunaweza kusema, "Bado naliombea," au, "Nasubiri wakati wa Bwana," na hakuna ndugu atakayethubutu kutuhoji. Kungoja kupo, na Maandiko yanatuagiza tungoje. Nehemia, aliyetamani kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, aliomba na kufunga tangu mwezi wa Kisleu, na neno lake kwa mfalme alilisema mwezi wa Nisani, kama miezi 4 baadaye. Lakini siku alipoulizwa anataka nini, alikuwa tayari anajua muda atakaouhitaji, barua za kumpitisha kwa maliwali, na hata jina la Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ambaye angempa miti ya kujengea. Mtu anayengoja namna hiyo, ukimwuliza amefikia wapi, atakueleza. Anayeahirisha hukasirishwa na swali hilo, au hubadilisha mazungumzo.

Bwana alipowajibu kwa kinywa cha Hagai, aliwapeleka kwanza kwenye hesabu za nyumbani. "Zitafakarini njia zenu," akawaambia, kisha akawaonyesha kwamba wamepanda mbegu nyingi wakavuna kidogo, na kwamba apataye mshahara anautia katika mfuko uliotoboka. Sisemi kwamba kila mwenye upungufu ameahirisha wajibu wake. Wapo wanaofanya kazi usiku na mchana na kipato hakitoshi, na hao wanahitaji mkono wetu kabla ya mahubiri yetu. Lakini wapo pia miongoni mwetu ambao mfuko umetoboka mahali wanapopajua, na wanaogopa kupatazama.

Kuutazama mfuko ni kuketi mezani na karatasi na kuandika kila deni mahali pake: unadaiwa na nani, kimebaki kiasi gani, riba ni ngapi, siku ya kulipa ni ipi. Najua mkono unavyositasita chini ya mstari wa mwisho, mahali pa kuandika jumla. Wengi tunaowaita wavivu wamekwama hapo, kwa hofu na aibu, na ingefaa tuwahurumie kuliko kuwakemea. Hata hivyo deni halingoji tupate ujasiri. Deni la riba ya asilimia 2 kwa mwezi, likiachwa bila kulipwa huku riba ikiongezwa juu yake, hukua kwa zaidi ya asilimia 26 katika mwaka 1, na baada ya miaka 3 huwa limezidi maradufu. Jumla unayoiogopa leo ndiyo ndogo kuliko zote utakazowahi kuziandika usipochukua hatua.

Sasa angalieni agizo lenyewe lilivyo la kawaida: pandeni milimani, mkalete miti, mkaijenge nyumba. Kabla ya ukuta na paa kulikuwa na safari ya mlimani, kazi ambayo mtu angeweza kuianza asubuhi iliyofuata. Kwa mwenye madeni, mlima wake huenda ni kumpigia simu anayemdai na kuomba mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kwa anayetamani kuweka akiba, ni kutenga kiasi, hata kiwe kidogo, siku ileile mshahara unapoingia, kwa maana kinachongojwa kibaki mwisho wa mwezi kwa kawaida hakibaki. Kwa mwingine ni kuandika wosia, kujaza fomu ya masomo, au kwenda kupimwa afya.

Nawaomba pia mtazame mpangilio wa mistari ya 12 hadi 14. Watu walitii kwanza; ndipo likaja neno, "Mimi nipo pamoja nanyi," na baada yake Bwana akaiamsha roho ya Zerubabeli, liwali wa Yuda, na ya Yoshua, kuhani mkuu, na ya watu wote. Ari tunayoingoja ili tuanze, wao waliipokea walipokwisha kukubali. Tangu siku ya ujumbe wa nabii hadi siku ya kushika kazi zilipita siku 23.

Vikwazo havikuondoka. Kitabu cha Ezra kinaeleza kwamba walipoanza tu, liwali Tatenai alifika kuuliza nani amewapa amri ya kujenga, akamwandikia mfalme. Nao hawakuweka chini vifaa vyao wakati majibu yakingojwa. Dario akaagiza kumbukumbu zichunguzwe, na huko Akmetha, mji wa Umedi, kikaonekana chuo, yaani kitabu cha kukunjwa, chenye amri ya Koreshi, iliyotamka kwamba nyumba ile ijengwe na gharama zitolewe katika nyumba ya mfalme. Kibali na fedha vilikuwa vimeandikwa miaka yote ile waliyosema wakati haujafika, wala visingetafutwa kama wasingekuwa tayari kazini. Hekalu likamalizika mwaka wa 6 wa Dario.

Basi juma hili kila mmoja wetu achague jambo 1 aliloliahirisha, aandike hatua yake ya kwanza na siku ya kuifanya, kisha amwonyeshe ndugu mmoja anayemwamini, ambaye siku hiyo ikifika atamwuliza bila kumwonea haya. Tukutanapo tena, tuulizane.