Jinsi nilivyoandaa siku ya zawadi shuleni bila namba moja

Walimu kadhaa wa shule jirani wamenipigia simu wakiuliza tulifanyaje, juu waliskia kwetu hatukutangaza namba moja na bado wazazi walijaa uwanja mpaka wengine wakasimama. Badala ya kueleza kila mtu kivyake wacha niandike hapa. Mimi nafunza Gredi ya 5 kwa shule ya msingi ya serikali huku Eastlands, Nairobi, si mbali na barabara ya Jogoo, na mwaka jana hedi aliniambia "mwalimu, hii ya zawadi utashika wewe," akaenda zake. Hivyo ndo huwa tunapewa kazi.

Shida ilikuwa hivi. Enzi za KCPE mambo yalikuwa rahisi, mtihani wa mwisho wa darasa la nane, alama 500, mtoto akipata 390 unamuita mbele, anapewa besheni na kamusi, mama anapiga vigelegele, mnaenda kula. KCPE ilianza 1985 na ya mwisho ilifanywa 2023, sasa tuko na KPSEA ya Gredi ya 6 ambayo haipangi watoto kwa namba, na hata huo mtihani ulipangwa ubebe asilimia 40 tu, zile 60 zinatoka kwa tathmini za shuleni tangu Gredi ya 4. Huko chini kwa Gredi ya 2 ripoti ni EE, ME, AE na BE, yani amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia ama yuko chini yake, na unaweza pata nusu ya darasa wote ni ME. Sasa hapo utamuita nani?

Kwa kikao cha kwanza mwalimu mwenzangu, mzee wa miaka mingi kazini na namheshimu sana, akasema tupige tu hesabu kimya kimya tuite watatu wa juu kila darasa, si ndo wazazi wanataka. Na ni kweli wanataka. Lakini nimekaa hiyo shule muda, nimeona watoto walewale watatu wakibeba besheni tangu Gredi ya 1 na wale wengine arobaini na kitu wamekaa kwa jua kazi yao ni kupiga makofi, mpaka wazazi wao wakaacha kuja, maana utaomba ruhusa kazini ukose pesa ya siku ndo uje kuona mtoto wa jirani akipewa thamosi? Nikasema tutatuza kitu ambacho mtoto alifanya, na kila cheti kitakuwa na sentensi moja inayosema alifanya nini. Sentensi ikikosekana, cheti hakuna. Hedi akakubali, nadhani juu alitaka kikao kiishe.

Sasa sentensi zitoke wapi, hiyo ndo ilikuwa kazi. Nilitafuta kauntabuku moja kubwa, nikaifunga kamba na biro, nikaitundika kwa msumari kando ya birika la chai stafurumu, mahali hakuna mwalimu anaweza kosa kupita saa nne. Ukiona mtoto amefanya kitu unaandika tarehe, jina, darasa na alichofanya, mstari mmoja tu. Mtu akiandika "ana bidii" ama "nidhamu nzuri" nilikuwa nachora mstari mwekundu chini naandika "alifanya nini?" Walimu walinuna, na siwalaumu, tayari kuna tathmini za kupandisha kwa mtandao wa KNEC, lile baraza la mitihani, kuna maandalio ya somo, alafu mtu anakuja na daftari lingine. Kilichowaleta ni madam wa PP2, huko chekechea, ambaye anaandika kama anavyoongea, kila asubuhi kuna kituko kipya hapo, basi watu wakaanza kusoma kauntabuku wakinywa chai, na ukisoma kurasa tatu uone darasa lako halijatajwa hata mara moja unashika biro mwenyewe bila kusukumwa.

Yaliyotoka humo mengine hata mimi sikuyajua na niko hapo kila siku. Kuna msichana wa Gredi ya 6 ndo hupiga kengele yetu, na kengele yenyewe ni rimu ya gari imening'inizwa kwa mti na chuma cha kugongea. Mwalimu wa zamu aliandika kwamba hana saa, anachungulia ile ya ukutani kupitia dirisha la stafurumu, na muhula mzima hakuchelewa. Walimu tunaochelewa tunajijua. Kuna mwingine wa kilabu ya 4K, ile ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya ambayo serikali iliifufua 2021. Shamba hatuna, uwanja ni vumbi tupu, hivyo sukuma wiki tumepanda kwa magunia nyuma ya madarasa, na maji ya mfereji huja kwa siku zake. Huyo mtoto likizo ya Aprili alikuwa anakuja na kibuyu cha lita tano kutoka kwao kunyunyizia, hakuna mtu alimtuma, askari wa geti ndo alimwambia mwalimu. Askari wetu naye tukamruhusu aandike kwa kauntabuku, na aliona mengi kuliko sisi.

Halafu kuna hii ya chakula. Watoto wetu hula Dishi na County, ule mpango wa chakula wa kaunti ya Nairobi ulioanza 2023, mtoto analipa shilingi 5 na ana bangili mkononi ya kugusisha kwa mashini ndo apakuliwe. Sasa bangili ikikosa pesa mbele ya laini yote mtoto anaona aibu, wengine wanaondoka tu wanajifanya hawana njaa. Kijana mmoja wa Gredi ya 4 alikuwa anawapitia wadogo kabla laini ianze, anauliza mmoja mmoja kwa sikio, alafu anaenda kumwambia mwalimu wa zamu leo ni fulani na fulani hawana. Mwalimu anajua la kufanya mapema na hakuna mtu anaaibika. Cheti chake kilitusumbua kuandika juu hatukutaka kutaja watoto wengine, mwishowe kikasema "Alihakikisha wadogo wamekula." Basi.

Michezo nitapita haraka, mpira wa miguu tulitolewa kwa penalti ngazi ya kaunti ndogo, netiboli hata sitaki kuongea.

Ila shairi lazima niseme. Tamasha la Muziki la Kenya ni kitu kimekuwako tangu 1927 na shule yetu kwa muda mrefu ilikuwa inapeleka kwaya peke yake, mwaka jana madam wa Kiswahili akaamua tupeleke shairi la kukariri kwa pamoja. Mazoezi yalikuwa saa tisa na nusu chini ya mti wa kengele. Kuna kijana wa Gredi ya 5, darasa langu, ana kigugumizi, ukimuuliza swali darasani anaweza kaa na herufi moja mpaka wenzake wanaanza kumalizia, na anachukia wakimmalizia. Yeye alikuja mazoezi kusindikiza rafiki yake. Madam akamwambia usikae bure, ingia safu ya nyuma. Sasa watoto wakikariri kwa pamoja na mizani imekaa sawa, nane kwa nane, kile kigugumizi kikawa hakisikiki. Madam akaskia. Kesho yake akamtoa nyuma akampa mshororo wa kuanzisha, peke yake, akimpigia mizani kwa vidole kwa mapaja. Alikwama mara mbili pale "na-na," madam hakumsaidia, hakusema "tulia," hakufanya kitu, alizidi tu kupiga vidole, na kwa pigo lililofuata kijana akaingia akaenda mpaka mwisho wa ubeti. Nilikuwa nimesimama na vitabu vya kusahihisha nikasahau nilikuwa naenda wapi. Walitoka zoni, wakapita kaunti ndogo, wakaishia ngazi ya kaunti, na kwa hatua zote tatu ni yeye alianzisha.

Kuandika sentensi yake kulileta mjadala. Kuna mwalimu alitaka tuseme "licha ya kigugumizi". Nilikataa kabisa, na hapa nilikuwa mkali. Hicho cheti kitaning'inia kwa ukuta wa nyumba yao miaka yote, mgeni akiingia asome ugonjwa wa mtoto? Tukaandika "Alianzisha shairi la shule mbele ya waamuzi kutoka zoni hadi kaunti." Kwisha.

Pesa sasa. Elimu ya msingi ni ya bure tangu 2003, serikali imempangia kila mtoto Sh1,420 kwa mwaka na hizo zina kazi zake zimeandikwa, zawadi haimo. Kulazimisha wazazi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa nani ana nini saa hizi. Tuliuza sukuma ya magunia kwa walimu na kwa wazazi wenye vibanda nje ya geti, wale wamesoma hapo zamani wakachanga kidogo kidogo kupitia hedi, na pesa yote ikaandikwa mahali kila mtu anaona, hapo usicheze. Besheni tukaachana nazo. Vyeti nilichapisha kwa saiba mjini karibu na River Road kwa karatasi nzito, sehemu ya sentensi ikiwa wazi, alafu mwalimu mmoja mwenye hati nzuri akajaza kwa mkono. Kuchapa kwa kompyuta ingekuwa haraka lakini ya mkono mzazi anaishika tofauti. Pamoja na cheti kila mtoto alipata daftari mbili na kalamu, na makombe yalikuwa mawili tu, la shairi na la 4K, yale madogo ya plastiki.

Na hatukupea kila mtoto, hilo niseme wazi juu kuna wenye walipendekeza ivo ili asilie mtu. Ukipea wote utakuta vyeti vimetupwa kwa mtaro jioni hiyohiyo. Wengi wa walioitwa walikuwa hawajawahi kuitwa mbele maisha yao yote. Na wale watatu wa besheni? Wawili waliitwa, mmoja kwa kusomea Gredi ya 1 hadithi saa ya chakula, mwingine kwa kuwafundisha wenzake chesi. Wa tatu hakuwa na sentensi mwaka huo na mama yake alininunia, mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Jambo la picha msilichukulie rahisi. Tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na 2023 kuna shule moja hapa Nairobi ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mimi nilituma fomu nyumbani mapema, anayekubali asaini, asiyekubali mtoto wake anaitwa kama wengine lakini mwenye kamera anaambiwa ashushe. Kwa grupu ya watsap ya wazazi tulituma zile za walioidhinishwa peke yake. Kuna mzazi alilalamika ati tunaleta mambo ya kizungu, nikamtajia ile faini akanyamaza.

Siku yenyewe tulianza saa tatu, yani saa nne. Mheshimiwa mmoja alikuwa ameomba kusalimia watu, na mnajua kusalimia kwa mwanasiasa ni saa nzima, basi tulimuweka wa kwanza kabisa kabla wazazi wengi hawajafika na tukampa kijana wa skauti kengele ya mkono ya kugonga dakika tano zikiisha. Aligonga. Mheshimiwa akacheka, akakaa. Sentensi za vyeti hazikusomwa na MC, zilisomwa na watoto wa darasa hilohilo, mwenzake anasoma, mwenyewe anakuja kuchukua. Hiyo ndo ilifanya uwanja utulie, juu mtoto mdogo akisoma watu wanaacha kuongea ili waskie. Ila ile ya kijana wa chakula ilisomwa na wa PP1, "alihakikisha wadogo wamekula", kwa kuvuta silabi moja moja na alipomaliza wale wadogo wenyewe wakaanza kupiga kelele za jina la kijana, hatukuwa tumepanga hiyo.

Kuna baba alinifuata baadaye na cheti cha binti yake mkononi, yule wa kengele, akaniuliza, "Sasa mwalimu, hapa kwa darasa alikuwa namba ngapi?" Nikamwambia hakuna namba. Akasoma tena, akasema "lakini hii ni ya kwanza kwa kengele, si ndio?" Nikamwambia eeh mzee, kwa kengele hana mpinzani. Akaenda akiwaambia watu namba moja.

Mwaka huu kauntabuku imerudi msumarini na walimu wa junia, yani Gredi ya 7 hadi 9, wameomba waingizwe pia, wao walikuwa na mambo yao mwaka jana. Tumeongeza na daftari la pili, la watoto wenyewe, linakaa kwa maktaba, waandike mazuri waliyoona wenzao wakifanya. Limejaa haraka kuliko letu, ingawa nusu yake ni mashtaka ya nani aliiba penseli ya nani.