Nimerudi Unguja na habari za Marao wa Kutch

Nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kuishi Bhuj, mji wa India, na barazani wananiuliza kuhusu vyakula na sinema. Nasimulia, sawa. Lakini ninachotamani kusimulia hasa ni Marao, watawala wa Kutch, nchi ya magharibi mwa India yenye makao yake Bhuj, kwa sababu wamo ndani ya historia ya Zanzibar na hatukufundishwa.

Ukoo wao, Jadeja, ulitawala kutoka Bhuj tangu karne ya 16. Ninayempenda mimi ni Rao Lakhpatji (1741–1760), mtu wa mashairi na ufundi. Inasimuliwa kwamba fundi wake, Ram Singh Malam, aliishi miaka mingi Uholanzi akijifunza vioo, vigae na saa, akarudi kumjengea Aina Mahal, yaani jumba la vioo. Nimeingia humo mara nyingi: kuta za marumaru zimefunikwa vioo, na katika ukumbi wa starehe kuna jukwaa lililozungukwa na maji, lenye michirizi ya kurusha maji juu, ili Rao apate ubaridi huku akisikiliza washairi wake. Tetemeko la Januari 26, 2001 liliijeruhi vibaya.

Sasa njooni kwetu. Tangu miaka ya 1830, Sultani aliikodisha forodha ya Unguja kwa nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia, jamii ya wafanyabiashara Wahindu wa Kutch. Yaani ushuru wa karafuu na pembe za ndovu ulipita mikononi mwa raia wa Rao. Ndiyo maana Waingereza walipotaka kuwabana wafanyabiashara hao walibisha hodi Bhuj. Mwaka 1869 Rao Pragmalji II alitangaza kuwa raia wake walioko Zanzibar wawe chini ya mamlaka ya Waingereza. Kisha, kabla ya mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa Zanzibar, akawaonya kuwa atakayeendelea na biashara ya watumwa atanyang'anywa mali yake ya Kutch. Sidhani alisukumwa na huruma tupu, maana Waingereza walikuwa wamemkalia shingoni. Hata hivyo, tukimtaja Sultani Barghash, aliyetia saini mkataba huo, na kumwacha Rao, tunasimulia nusu ya kisa.

Kutch ilikuwa na sarafu yake, kori. Muuza vitu vya kale mjini Bhuj alinionyesha moja ya fedha ya 1936: upande mmoja jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza, kwa hati za Kiajemi, upande wa pili la Rao Khengarji III, aliyetawala tangu 1876 hadi 1942. Edward alijiuzulu mwaka uleule, kwa hiyo sarafu zenye jina lake ni chache duniani. Afrika Mashariki nayo ilizitoa: senti tano na senti kumi zenye tundu.

Mwaka 1948 Rao wa mwisho, Madansinhji, alikabidhi utawala kwa serikali ya India.

Jamani, mwenye hati za zamani za Wakachi, watu wa Kutch, nyumbani, mikataba ya nyumba au daftari za duka, asizichome. Azipeleke Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.