Nyuzi 96

Nilikuwa karani wa kundi letu, na raba ilikuwa mkononi mwangu.

Ilikuwa mwaka 2003, mjini Jinja, Uganda, kando ya ziwa Victoria, nikiwa kidato cha pili. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini sisi watoto wa askari tuliokaa kambini tulinong'onezana kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani. Siku hiyo kila kundi lilipewa stovu ya mafuta ya taa, bika ya maji na kipimajoto. Kazi yetu ilikuwa kusoma joto kila dakika, kuliandika, kisha kuchora grafu.

Maji yalianza nyuzi 25. Yakapanda vizuri: 33, 42, 52, 61, 70, 78, 85, 91, 95. Dakika ya kumi yakafika 96, na hapo yakagoma. Yalikuwa yakitokota, mvuke umejaa usoni mwetu, lakini zebaki haikusogea. 96. 96. Tena 96.

"Kitabu kinasema mia," nikasema.

Mwenzangu aliyeshika kipimajoto, binti wa fundi wa magari, akanijibu, "Mimi nasoma ninachokiona."

Sikumsikiliza. Nilifuta kuanzia dakika ya kumi na moja, nikaandika 100 mara tatu. Niliona haya kukosea mbele ya kitabu. Hadi leo naikumbuka karatasi ile ilivyochubuka chini ya raba.

Mwalimu wetu hakusahihisha siku ile. Kesho yake alizipanga karatasi zote sita juu ya meza yake, akatuita tuzizunguke. Hakugombeza. Aliweka kidole kwenye grafu yangu, pale mstari uliokuwa umeanza kulala uliporuka ghafla, ukalala tena juu zaidi. Akauliza: kati ya dakika ya kumi na ya kumi na moja, nani aliongeza moto? Kundi la pili lilikuwa na mruko uleule. La tano pia. Kisha akainua karatasi moja baada ya nyingine kuelekea dirishani, na chini ya kila 100 tukaona kivuli cha namba iliyofutwa. Makundi manne yalikuwa yamefuta 96, mawili 97.

Nilitaka kujitetea, nikasema labda vipimajoto ni vibovu. Akalipokea swali langu kwa uzito, jambo ambalo nalishukuru mpaka leo. Alimtuma mtu dukani kwa muuza soda akaleta barafu. Tukaipondaponda, tukaiacha ianze kuyeyuka, tukatumbukiza vipimajoto vyote. Vitano vikasimama kwenye sifuri. Kimoja kilisoma 1, na kilikuwa cha kundi mojawapo lililopata 97.

Basi maji yetu hayakukosea. Mwalimu alituchorea ziwa Victoria, lililo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yake. Ile mia ya kitabuni ni ya pwani, akasema, ambako hewa inakandamiza maji kwa uzito wake wote. Kadiri unavyopanda, kanieneo, yaani mkandamizo huo wa hewa, hupungua, na maji huweza kuchemka kwa joto dogo zaidi: takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Mstari uliolala nao ulikuwa na maana yake. Moto ulikuwa bado unafanya kazi, ila sasa ulikuwa ukigeuza maji kuwa mvuke badala ya kuyapandisha joto.

Nilimwomba radhi yule binti mbele ya kundi. Tukachora upya, yeye akisoma, mimi nikiandika.

Jioni nilimsimulia baba. Alinyamaza kidogo, akasema, "Tulipokuwa Kisoro, maharage yalikuwa hayaivi. Tulimlaumu mpishi, tukamlaumu na muuza maharage."

"Kisoro ni mita ngapi, baba?"

"Kama elfu moja na mia tisa."

Nikageuza karatasi ya grafu nikapiga hesabu nyuma yake, taa ikiwa katikati yetu. Ilitoka karibu nyuzi 94. Baba aliishika ile karatasi, akaisoma namba mara mbili, kisha akaniuliza tungehitaji kuni kiasi gani.