Siku moja na wanafunzi wanaojifunza kuripoti habari za jeshi

Nafundisha uanahabari katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Alhamisi huwa siku ya habari za jeshi.

Saa 2 asubuhi. Vyeo na vikosi. Wengi huliona somo kavu, ila sikubali lirukwe. Platuni ina watu kama 30, kombania mia moja na ushei, batalioni mamia kadhaa. Asiyejua hayo atameza lolote analoambiwa, liwe limetoka kwa msemaji wa jeshi au kwa al-Shabaab.

Saa 4. El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wetu huko Gedo, Somalia. Serikali haikutangaza idadi ya waliouawa. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kati ya 180 na 200. Jeshi letu likakanusha. Baadaye CNN iliripoti 141. Nawapa kazi: aya tatu, kila idadi na aliyeitoa. Kundi moja linaandika "takriban 180" bila chanzo.

"Mwalimu, si tuseme tu wengi waliuawa?"

Hapana. Mzazi aliyempeleka mwanawe jeshini anastahili kujua nani alisema nini, na lini.

Saa 8 mchana. Igizo. Binti mmoja ni mama wa mwanajeshi, kijana mwingine ni mwandishi anayempigia simu. Anaanza kwa upole: "Mama, pole sana kwa msiba." Binti anashusha simu, anamtazama: "Msiba gani?"

Hakuna anayecheka. Hili nalirudia kila muhula: hatumpigii mtu simu kabla ya kuhakikisha kwamba jeshi lenyewe limeipasha familia habari, hata kama gazeti lingine litatutangulia. Kutangulia kwa namna hiyo ni ukatili.

Saa 10. Katiba. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu nyingine zizuiwe kwa ajili ya usalama wa taifa. Ila kifungu cha 241 cha Katiba, kinachoeleza kazi za jeshi, ndicho kinachowasha darasa. Tarehe 25 Juni 2024 wanajeshi waliitwa kuwasaidia polisi wakati wa maandamano, na Bunge likaidhinisha kesho yake. Je, ilikuwa hali ya dharura, ambapo jeshi huripoti kwa Bunge, au ghasia, ambapo idhini ya Bunge ni lazima? Wanabishana hadi mlinzi anakuja kufunga mlango.

Saa 2 usiku. Ujumbe kutoka kwa mwanafunzi: amepiga picha ya msafara wa magari ya jeshi barabarani, je, aichapishe na jina la mahali? Namjibu: njia wanayopita na saa yao, hapana, hadi wafike, hayo ni maisha ya watu. Lakini uliza magari yale yalinunuliwa kwa kiasi gani, kwa zabuni ipi, na anza kesho na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.